Kifaa cha Vichwa Viwili cha Kupimia Nyufa za Zege: Kinafaa Barabarani?

Kifaa hiki, kinachopitisha ndani ya zege mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, kimezoeleka kwenye nguzo na mihimili, ambako kichwa kimoja, kinachotuma wimbi, hukaa upande huu na cha pili, kinacholipokea, upande wa pili. Barabarani kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu slabu imelala juu ya kifusi na vichwa vyote viwili lazima viwekwe juu.

Kwa ufa unaoonekana juu lakini usiojulikana umezama kiasi gani, nakisifu bila kusita. Vichwa hupakwa jeli au grisi ili hewa isibaki chini yake, kisha kila kimoja huwekwa milimita 150 kutoka kwenye ufa. Iwapo sauti husafiri mita 4,000 kwa sekunde katika zege hilo, mahali pasipo na ufa wimbi litavuka kwa mikrosekunde 75; ufa wenye kina cha milimita 100 utalilazimisha kupita chini ya ncha yake, na kioo kitaonyesha takriban 90. Tofauti hiyo ndogo inatosha kukadiria kina, jambo ambalo jicho haliwezi kamwe.

Lakini masharti yake ni makali. Ufa uliojaa maji hupitisha wimbi, hivyo huonekana wenye kina kidogo kuliko ulivyo. Kwa hiyo nashauri slabu ipimwe ikiwa kavu. Nondo inayokatiza ufa nayo hupotosha kipimo, maana sauti hukimbia zaidi ndani ya chuma. Zaidi ya hayo, barabara nyingi za zege huchorwa mifereji midogo ili magari yasiteleze, na juu ya mifereji hiyo vichwa havikai sawasawa mpaka mahali hapo pasuguliwe, kazi inayochosha na kula muda.

Kwa tabaka zilizoachana ndani ya slabu, nisingekitegemea. Hapo kinafaa zaidi kifaa cha mwangwi chenye safu ya vichwa vya ncha kavu, ambacho hakihitaji jeli na husoma sauti inayorudi kutoka ndani. Nacho kina upofu wake: ufa wa wima ulioanzia chini haurudishi mwangwi wa kutosha, na mara nyingi dalili pekee ni kufifia kwa mwangwi wa kitako cha slabu. Mahali kama hapo, kabla ya kuamua kubomoa, naona ni lazima kukata sampuli ya zege.