Matarumbeta ya Harusi Moshi: Unacholipia Hasa ni Midomo ya Mpigaji

Kamati za harusi mkoani Kilimanjaro hujadili ukumbi, chakula na mapambo katika kikao baada ya kikao, ilhali matarumbeta huachwa hadi wiki ya mwisho, kana kwamba vikundi vyote ni sawa. Mwezi Julai, nikiwa katibu wa kamati ya harusi ya binti wa dada yangu, nilikabidhiwa kazi ya kutafuta kikundi, nami nikakipata hapa Moshi mjini. Jina lake silitaji, kwa kuwa kiongozi wao ameshaahidi kurekebisha kasoro nitakazozieleza.

Masharti yao yalikuwa ya kawaida: nusu ya malipo mapema, nusu iliyobaki kabla ya kuingia ukumbini, na usafiri juu yetu. Tuliwatafutia kirikuu, wakapanda na matarumbeta, tromboni, tuba na ngoma zao.

Ibada ilikuwa Marangu, asubuhi ya baridi na ukungu, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mpiga tarumbeta wao kiongozi. Hewa iliyo ndani ya bomba ikiwa ya baridi, sauti hushuka, na mpigaji asiyejua jambo hilo huanza wimbo akiwa chini ya wenzake. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya kanisa kabla ya ibada kwisha, akipuliza pumzi ya moto polepole bila kutoa sauti, kisha akasogeza kidogo bomba la kurekebishia sauti. Maharusi walipotoka mlangoni, noti ya kwanza ilikuwa safi, na akina mama waliokuwa wakisubiri na vigelegele hawakuhitaji kuambiwa waanze.

Kutoka Marangu hadi Moshi mjini kupitia Himo ni takriban kilomita 40, na baadhi ya wanakamati walinung'unika kwamba kikundi kilinyamaza sehemu kubwa ya njia. Nilipomuuliza kiongozi wao tuliposimama Himo, alinijibu kwa upole, “Mzee wangu, nikiimaliza midomo hapa, ukumbini nitawapigia nini?” Jibu lile lilinitosha. Tarumbeta ina valvu tatu tu, ambazo zikibonyezwa kwa namna mbalimbali huipa bomba urefu wa aina saba. Noti nyingine zote hutokana na kukaza au kulegeza midomo, na misuli ya midomo ikichoka hakuna mafuta wala kitambaa kitakachoirudisha siku hiyo hiyo. Walianza tena kupiga tulipokaribia mzunguko wa mnara wa saa, mahali penye watu, na waliufanya mji mzima ugeuke.

Katika mazungumzo niligundua kwamba kazi hii ndiyo inayomlisha kiongozi huyo. Alijifunza akiwa kijana katika kikundi cha matarumbeta cha usharika wake wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), jambo lisiloshangaza katika mkoa ambao wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika mwaka 1893. (Hata mpiga tarumbeta Hugh Masekela wa Afrika Kusini alipata tarumbeta yake ya kwanza kwa msaada wa padri, Trevor Huddleston, ambaye baadaye alikuwa askofu wetu wa Masasi.) Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani na kila boma lina harusi au kipaimara, yeye hukataa kazi kwa kuzidiwa; Kwaresma ikifika, harusi husimama, naye huishi kwa kufundisha vijana na kwa misiba michache. Hata siku isiyo na kazi hupuliza noti ndefu kila asubuhi, kwa sababu midomo iliyolazwa hulegea haraka. Kwa maisha ya namna hiyo, sioni kwa nini tulibishana naye bei kwa muda mrefu vile.

Ukumbini mambo yalipungua kidogo. Mpiga kinanda alianza katika ufunguo wa C, na kwa kuwa tarumbeta yao ni ya Bb, yaani sauti yake hutoka hatua nzima chini ya noti inayosomwa, walipaswa kupiga kama D. Kiongozi alihama mara moja, lakini kijana wa tarumbeta ya pili aliendelea na C yake kwa beti nzima, na kila mwenye masikio aliumia. Baadaye valvu ya kijana huyo ilikwama, na hakuwa na mafuta, ilibidi aazime. Sehemu nyingine ya lawama ni ya kwetu, kwani mshereheshaji hakupewa ratiba yao na alizungumza juu ya muziki wao katika maikrofoni.

Ningewakodi tena, kwa sharti kwamba kiongozi yule yule awepo na hilo liandikwe kwenye makubaliano, kwa maana vikundi vingi hutuma wanagenzi siku zenye harusi mbili. Anayetaka tarehe ya Desemba azungumze nao mapema, apange mapumziko kati ya kanisa na ukumbi, na awakutanishe na mpiga kinanda kabla ya wageni kuketi.