Tathmini: chati ya Our World in Data ya utajiri na visa vya Covid-19

Anayetaka kuona haraka jinsi utajiri wa nchi unavyoendana na visa vya Covid-19 atafika tu kwa Our World in Data, mradi wenye makao Oxford, Uingereza. Ni bure, hudaiwi kujisajili, na leseni inakuruhusu kutumia chati zake mradi utaje chanzo. Chati yenyewe inaweka pato la taifa kwa kila mtu kwenye mhimili wa chini na visa vilivyothibitishwa kwa kila watu milioni kwenye mhimili wa wima. Kila nchi ni kiduara: ukubwa wake ni idadi ya watu, rangi yake ni bara. Viduara vinapanda kuelekea kulia, Afrika ikiwa chini kushoto, Ulaya na Ghuba zikiwa juu. Wengi wakishaona hivyo hutangaza kwamba korona ilikuwa ugonjwa wa matajiri.

Hesabu za chati ni safi. Tatizo ni jinsi inavyosomwa, na wenye chombo hawalisemi kwa sauti ya kutosha pale pale kwenye picha. Chati huchorwa kutoka faili la takwimu linalopakuliwa, na safu yake ya total_cases_per_million (visa kwa kila watu milioni) haihesabu walioambukizwa. Inahesabu waliofika kwenye kipimo, wakakutwa na virusi, majibu yao yakaingia kwenye taarifa ya serikali. Kila hatua hapo inadai pesa: vitendanishi, mashine za PCR za kutafuta virusi kwenye sampuli, usafiri wa sampuli, mtu wa kuingiza takwimu. Umoja wa Falme za Kiarabu ulifanya vipimo vingi kuliko watu wake kwa zaidi ya mara kumi. Kwa upande wa Afrika, ofisi ya kanda ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilikadiria Oktoba 2021 kwamba katika kila maambukizi saba, sita hayakugunduliwa.

Mfano wa karibu ni majirani wawili. Chuja faili ubaki na tarehe 31 Desemba 2020, kisha weka Kenya na Tanzania pamoja. Kenya ina visa zaidi ya 96,000, Tanzania ina 509. Hiyo 509 imeganda tangu mwanzoni mwa Mei 2020, serikali ilipoacha kutoa takwimu, na ilikaa hivyo zaidi ya mwaka mpaka taarifa ziliporejea katikati ya 2021. Kwa kila watu milioni, Kenya inaizidi Tanzania zaidi ya mara 200, ilhali safu ya gdp_per_capita (pato kwa kila mtu) inazipa karibu kiasi kimoja, kama dola 3,000 na 2,700. Hakuna nadharia ya uchumi itakayoeleza pengo hilo. Ni uamuzi wa kisiasa uliovaa sura ya takwimu, na chati inauchora kama nukta ya kawaida.

Hata Kenya yenyewe ilikuwa inaona kipande tu. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, mradi wa utafiti wa afya nchini Kenya, walipima kingamwili kwenye damu ya wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020 wakakadiria kuwa asilimia 4.3 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wameshaambukizwa. Hao ni zaidi ya watu milioni moja, wakati visa rasmi vilikuwa maelfu machache. Lusaka, Zambia, mwaka huo huo, maiti 364 zilipimwa mochwari na 58 zikakutwa na virusi. Wengi wao walifia nje ya hospitali bila kupimwa wakiwa hai.

Ukiamua kufanya hesabu mwenyewe, usichukue mstari wa mwisho wa kila nchi. Takwimu za vipimo ziliacha kusasishwa Juni 2022, kwa hiyo mistari ya baadaye ina nafasi tupu. Chagua tarehe moja, 31 Desemba 2021 inafaa, na kwa safu za vipimo chukua thamani ya mwisho iliyojazwa kabla yake, maana nchi nyingi zilitoa ripoti mara moja kwa wiki. Ondoa mistari isiyo na bara: hiyo ni majumlisho kama dunia nzima au kundi la nchi za kipato cha juu, na ikibaki utahesabu watu mara mbili. Usichuje kwa kufuta kila msimbo unaoanza na OWID_, utaitupa Kosovo, yenye msimbo wa aina hiyo, pamoja na takataka.

Pato liweke kwenye skeli ya logi, ambapo kila hatua ni kuzidisha badala ya kujumlisha, la sivyo Luxembourg na Qatar zitaivuta chati yote kulia. (Luxembourg pato lake limevimba kwa sababu maelfu ya wafanyakazi huvuka mpaka kila asubuhi: jasho lao linahesabiwa, wao hawahesabiwi.) Visa navyo ukiviweka kwenye logi, Turkmenistan inatoweka kimyakimya. Iliripoti sifuri, na sifuri haina logi. Andika kando kila nchi iliyodondoka.

Kisha jaribu hili, ndilo linalofumbua macho: badala ya pato, weka chini vipimo kwa kila watu elfu. Halafu tazama positive_rate, yaani sehemu ya vipimo vilivyokuta virusi. WHO ilishauri mwaka 2020 kiwango hicho kiwe chini ya asilimia 5. Nchi yenye asilimia 20 inapima wagonjwa walio wazi tu, na visa vyake havifai kulinganishwa na vya Denmark, iliyopima watu wengi.

Vifo si kimbilio salama sana, ingawa ni afadhali. Peru iliporekebisha hesabu zake mwisho wa Mei 2021, vifo viliruka kutoka 69,342 hadi 180,764 kwa siku moja. Vifo vya ziada, yaani vilivyozidi idadi ya kawaida ya kipindi hicho, ndivyo kipimo bora: WHO ilikadiria milioni 14.9 kwa 2020 na 2021, dhidi ya milioni 5.4 vilivyoripotiwa. Lakini safu ya excess_mortality (vifo hivyo vya ziada) ni tupu kwa sehemu kubwa ya Afrika, kwa sababu inahitaji daftari la vifo linalojazwa kila wiki au mwezi, nalo ni mali ya nchi zenye uwezo. Ukitumia vifo, ingiza pia median_age (umri wa kati wa watu wa nchi). Nchi tajiri nyingi zina wazee wengi, na virusi hivi viliwaonea wazee.

Nyota nne kati ya tano. Moja imekatwa kwa sababu onyo la vipimo halionekani mpaka ulitafute. Lugha ni Kiingereza pekee. Kwenye simu usipakue faili zima, litakula bando na Excel ya simu itagoma; bonyeza kitufe cha kupakua chini ya chati, utapata CSV (faili la jedwali) ndogo yenye safu za chati hiyo tu.