Kabro za plastiki za Gjenge Makers: nunueni, lakini msiache kupiga kelele

Kwa wale mmekua mkiniuliza inbox kama zile kabro za plastiki, yani matofali ya kutandika chini ambayo kampuni ya Gjenge Makers ya hapa Nairobi inatengeneza na taka, ni kitu ya maana ama ni za kupigwa picha tu, jibu langu ni za maana, nunueni. Kikundi chetu cha vijana tulichanga tukatandika njia ya kutoka geti hadi madarasani kwa chekechea moja huku Eastlands, mahali watoto walikua wanaingia darasani na matope hadi magotini, na saa hii mvua ishazipiga vya kutosha ndio naandika.

Ukiishika mkononi kwanza ni nyepesi kuliko ya simiti. Gjenge wenyewe wanasema inashinda zege kwa ugumu mara 5 hadi 7, sasa mimi sina mashine ya kupima hiyo lakini wakati wa kushusha kwa lori zingine zilianguka chini na hakuna ata moja ilipasuka, na mtu yeyote ashawahi kushusha kabro za kawaida anajua zile nusu nusu hua zinabaki. Siri iko kwa upishi. Plastiki inasagwa, inachanganywa na mchanga, inapikwa kwa moto mkali hadi inayeyuka na kushika mchanga kama gundi, alafu mashine inakandamiza. Si kila plastiki inaingia hapo, chupa za maji na soda hawatumii, wanachukua zile za shampuu na maziwa, mifuko, ndoo, vifuniko, kamba, yani ile taka imejaa kwa mitaro yetu. Na huku kwetu mtaro ukiziba si mambo ya uchafu pekee, Aprili 2024 tuliona maji yakiingia kwa manyumba Mathare na Mukuru na watu wakafa.

Kitu moja tafadhali: msilaumu kabro kama msingi ni mbovu. Udongo mweusi wa Nairobi unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, kwa hivyo toeni huo udongo, wekeni mawe, shindilia, mwage mchanga wa kulalia, na pembeni mjenge ukingo. Fundi akikuambia ati hizi ni plastiki zinaweza kulala popote tu, tafuta mwingine.

Sasa nyuma ya hii biashara kuna Nzambi Matee, na hapa ndio moyo wangu uko. Huyu dada alikua na kazi nzuri kwa mambo ya mafuta, akaiacha 2017, akaanza kujaribu jaribu mchanganyiko uwanjani kwa mamake, na mashine alizidizaini mwenyewe. 2020 Umoja wa Mataifa kupitia UNEP, shirika lao la mazingira, wakamtambua kama kijana bingwa wa mazingira kutoka Afrika. Vijana wetu wa Jumamosi, wale wa kuzoa taka mtoni, wengi walikua wamechoka, manake unazoa leo wiki ijayo imerudi, lakini tangu watandike hii njia na mikono yao wanauliza maswali mengine kabisa, mashine inagharimu ngapi, nani ananunua plastiki kwa kilo, sisi tunaweza kuanza na nini. Hiyo ndio matumaini naelewa mimi, mtu ameona taka imekua kitu mtoto anakanyagia akienda kusoma.

Lakini nisiwadanganye ati tutakanyaga kabro hadi shida iishe. Plastiki karibu yote inatoka kwa mafuta na gesi, na ikiendelea kumwagwa sokoni hivi hakuna kiwanda cha Nairobi kitaimaliza. Machi 2022 ni hapa hapa Nairobi, kwa ofisi za UN Gigiri, mataifa yalikubaliana kutengeneza mkataba wa kumaliza uchafuzi wa plastiki, wakaenda Busan 2024, wakaenda Geneva Agosti 2025, wakatoka bila kitu kwa sababu nchi zenye mafuta hazitaki kusikia habari ya kupunguza utengenezaji. Inauma sana. Kwa hivyo vijana wanaosimama huko na mabango wakidai utengenezaji wa plastiki uwekewe kiwango wanafanya kazi moja na huyu dada wa mashine, na anayesema ati wachague moja, waandamane ama wafanye biashara, mimi siko na yeye.

Bei inafuata unene, nyembamba za watu wa miguu na nene za kupitisha magari, kwa hivyo pimeni mahali penu kabla ya kupiga simu na msiongeze unene bila sababu, njia ya watoto haihitaji kabro ya lori. Gharama ya usafiri na ya fundi muihesabu kando. Kama mnasimamia shule, kanisa, msikiti ama ploti na mlikua mnapanga kabro mwaka huu, ombeni bei ya hizi pamoja na za simiti, mziweke meza moja na kamati iamue. Sisi tukipata pesa tunatandika upande wa choo na jikoni.