Wiki tatu na Galaxy A55: fundi cherehani nimehamia simu mpya

Mimi ni fundi cherehani, niko Tandika, Dar es Salaam, na naandika hii kwa ajili ya mafundi wenzangu na wafanyabiashara wadogo maana review nyingi nilizosoma kabla ya kununua zinaongelea gemu gemu tu, mtu anakuambia inacheza gemu gani bila kustaki, sasa mimi gemu ya nini, mi nataka kujua nikipiga picha kitenge saa moja jioni mteja atakiona kilivyo au la.

Simu yangu ya zamani nimekaa nayo miaka minne, GB 32, ram 2. Mwaka wa mwisho ilikuwa ni mateso kiukweli. Kila asubuhi kazi ya kwanza kabla hata sijafungua cherehani ni kufuta picha, kwa sababu wateja wanatuma mishono kutwa nzima, huyu katuma picha kumi, yule katuma video ya dakika tano anataka shingo kama ya dada kwenye video, ikifika saa nne simu imejaa. Siku moja nikafuta kwa haraka nikafuta na picha za vipimo vya familia nzima ya bibi harusi, watu kumi na mmoja, ikabidi niwapigie mmoja mmoja waje kupimwa upya. Siku hiyo nikasema basi. Nikapokea mchezo wangu (upatu) mwezi uliofuata nikaenda Kariakoo.

Kwanini Samsung Galaxy A55 na sio nyingine: ilitoka mwaka 2024 kwa hiyo bei ilikuwa imeshashuka, na kampuni iliahidi matoleo manne ya Android juu ya ile 14 iliyokuja nayo, na maboresho ya usalama miaka mitano. Kwa mtu kama mimi ambaye simu nakaa nayo mpaka ife hilo ni jambo kubwa kuliko kamera, ile ya zamani iliganda kwenye Android 9 na apu zikaanza kugoma moja baada ya nyingine.

Sasa Kariakoo. Duka la kwanza niliingia mtaa wa Aggrey, kijana mchangamfu, boksi zuri, bei imepoa kidogo kuliko kwingine. Nikamwambia naomba niwashe, nikabonyeza *#06# kuona IMEI, yani namba ya utambulisho wa simu, namba iliyotokea kwenye kioo haifanani na iliyoandikwa kwenye boksi. Nikamuuliza yule kijana, "mdogo wangu, mbona hivi?", akasema boksi zilichanganyika dukani, nikamshukuru nikatoka. Duka la pili namba zikafanana, nikaituma kwa meseji kwenda 15090 ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, haina gharama, ikarudi imetaja aina ya simu sahihi ndo nikatoa hela. Jamani msione aibu kufanya hivi mbele ya muuzaji, wenye kumbukumbu wanajua Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima watu wakabaki wameshika vibati.

Kitu cha kuzingatia sana, na hiki hakuna aliyeniambia, nilikiona mwenyewe dukani: sehemu ya laini ni mbili, lakini ile ya pili ndo hiyohiyo ya memori kadi. Yani uchague, laini ya pili au memori kadi, vyote haviingii. Sasa sisi hapa nani ana laini moja? Mimi Voda ndo ya M-Pesa, wateja wote wanalipia huko, Airtel ndo ya bando. Kwa hiyo memori kadi kwangu haipo, ndo maana nikaongeza hela nikachukua ya GB 256 badala ya 128. Kama una laini mbili usichukue 128 ukitegemea utaongeza kadi baadae.

Ndani ya boksi hamna chaja, kuna waya tu. Ile chaja ya zamani inachaji lakini polepole mno, nikanunua ya wati 25, sasa ikitoka kwenye asilimia kumi hivi mpaka ijae ni kama saa moja na nusu. Pia hamna tundu la earphone, mi nilizoea kusikiliza redio nikishona, hilo limeniuma na bado linaniuma.

Kuhamisha WhatsApp ndo nilikuwa naogopa kuliko vyote, oda zangu zote ziko kwenye vois noti. Nilijua lazima nipandishe kwanza Google, bando lenyewe la kupandisha hayo yote sina, halafu siku hizi inakula zile GB 15 za bure za Google. Kumbe kuna njia ya simu kwa simu, unawasha wifi na lokesheni zote mbili, simu ya zamani unaingia setingi, chats, transfer chats, inascan alama kwenye simu mpya basi zinavutana zenyewe bila bando. Ilichukua kama dakika arobaini, zikaja zote mpaka za 2021.

Sasa kamera, au niseme rangi, maana hapa ndo nilipohangaika wiki nzima ya kwanza. Kioo cha hii simu ni AMOLED, inchi 6.6, rangi zinawaka mno. Nikipiga picha kitenge cha kijani cha chupa, kwenye kioo naona kijani kinang'aa kama jani la mgomba limenyeshewa. Nikawa nadhani picha imeongeza rangi, basi kabla ya kutuma naipunguza, mteja kwake anaona kitambaa kimepauka, ananiuliza fundi hiki si kimefuliwa? Nikakata kipande cha kile kitenge nikakilaza juu ya kioo kabisa, pembeni ya picha yake, mlangoni kwenye mwanga wa jua, nikaanza kuchezea setingi za display. Kuna sehemu ya screen mode, ilikuwa Vivid, nikaweka Natural, aisee kipande na picha vikawa ndugu. Picha haikuwa na shida kumbe, ilikuwa ni namna kioo kilivyowekwa. Fundi yeyote ukinunua simu yenye kioo cha hivi anza na hilo kabla ya kutuma picha hata moja.

Jioni umeme ukikatika nawasha taa ya chaji, na picha inatoka haijatikisika, nyuzi nyeusi juu ya kitambaa cheusi zinahesabika. Ile kamera ya tatu ya kupiga karibu, megapikseli 5, siitumii, narudi nyuma kidogo navuta kwa ile kubwa ya 50 inatoka vizuri zaidi.

Alama ya kidole iko kwenye kioo chenyewe. Vidole vyangu vina chaki na vimechomwa sindano miaka, nikasajili kidole kilekile mara mbili, kimoja kikiwa kisafi kimoja kikiwa na chaki, sasa inafunguka kila mara. Uzito gramu 213, utaisikia kwenye pochi. Kinga ya maji ni IP67, maana yake maji yasiyo na chumvi sio ya bahari, kwa hiyo Coco Beach iache kwenye mkoba.

Juzi nina mteja wangu Muscat, anatengenezewa magauni matatu ya harusi ya mdogo wake, tukapigiana video saa mbili usiku, kwao saa tatu. Nimemshikia vitambaa viwili vya bluu ambavyo dukani hata mimi nilivichanganya, nikamuuliza dada unaona tofauti yoyote? Akakaa kimya kidogo akasema hicho cha kushoto kina zambarau ndani yake, sikitaki, nikatie cha kulia. Na ni kweli kina zambarau. Nimekata cha kulia jana.