Gmail kama Sanduku la Kwanza la Anayejifunza Barua Pepe

Tathmini hii haimlengi mtu anayetuma barua pepe kumi kabla ya kifungua kinywa. Inamlenga yule ambaye ndiyo kwanza anashika kipanya, anayesoma kila neno kwenye skrini kabla ya kubofya, na anayeogopa kwamba kubofya vibaya mara moja kutaharibu kitu kisichoweza kutengenezeka. Nimewasaidia watu wa namna hiyo mara nyingi, nao nimewaanzishia katika Gmail, kwa sababu ni huduma inayomvumilia mtu anapokosea. Hata hivyo, ina tabia ya kuficha mambo ambayo mwanafunzi angepaswa kuyaona mapema.

Kufungua akaunti hakuchukui muda mrefu: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani unayoichagua, nywila, na mara nyingi namba ya simu ya kuthibitisha. Namba hiyo iwe ya mwenye akaunti mwenyewe, wala si ya kijana aliyekuja kumsaidia, kwa kuwa siku atakaposahau nywila ujumbe wa kumrudishia akaunti utakwenda kwenye simu ya mtu mwingine. Hapo pia ndipo pa kumweleza maana ya alama ya @, ambayo Ray Tomlinson, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliichagua mwaka 1971 ili itenganishe jina la mtumiaji na jina la kompyuta inayomtunzia barua. Aliyeelewa kwamba anwani ina pande mbili, yaani nani na wapi, hawezi tena kuacha nafasi katikati yake. Gmail haijali nukta zilizomo katika jina lililo kabla ya alama hiyo, na barua itafika ziwepo zisiwepo. Lakini mwanafunzi asiizoee nafuu hii, kwani kwa watoa huduma wengine nukta moja inaweza kutofautisha watu wawili.

Uvumilivu niliousema unaonekana zaidi wakati wa kuandika. Barua inayoandikwa hujihifadhi yenyewe miongoni mwa rasimu, hivyo umeme ukikatika au dirisha likifungwa kwa bahati mbaya, maneno hayapotei. Ukishabofya kitufe cha kutuma, unapewa nafasi fupi ya kutengua, na kinachofanyika hapo ni kwamba barua inashikiliwa kidogo kabla ya kuondoka, kwa hiyo haivutwi kutoka kwa mpokeaji kama wengi wanavyodhani. Muda wa kawaida ni sekunde 5, ambazo kwa msomaji wa polepole hazitoshi hata kumaliza kusoma neno la kutengua lenyewe. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalolibadilisha katika mipangilio, kwenye kompyuta, ni kuzifanya ziwe 30, ambacho ndicho kiwango cha juu. Barua iliyofutwa nayo hukaa kwenye tupio kwa siku 30 kabla ya kutoweka kabisa.

Upande wa kuficha, mfano ulio wazi ni sehemu za nakala na nakala fiche. Hazionekani mpaka ubofye sehemu ya mpokeaji, na matokeo yake mtu anaweza kutumia barua pepe kwa miezi bila kujua kwamba anaweza kuwaandikia watu ishirini pasipo kuanika anwani zao zote. Kuna pia mtindo wa kurundika barua na majibu yake katika mstari mmoja. Mzoefu huufurahia, lakini anayeanza hutarajia jibu lije kama bahasha mpya na hushangaa kuona barua yake ya zamani imepanda juu, hivyo kwa wiki za mwanzo ni vyema kuuzima. Kitufe cha kuweka kwenye kumbukumbu nacho, ambacho kiko karibu na kile cha kufuta, huiondoa barua kwenye kikasha bila kuifuta, na mwanafunzi akakata tamaa wakati angeipata kwa kuandika neno moja katika kisanduku cha kutafutia.

Kuhusu viambatisho, kikomo ni MB 25 kwa barua moja. Faili likizidi hapo, Gmail huliweka kwenye Drive, yaani ghala la mafaili la Google mtandaoni, na kutuma kiungo badala ya faili lenyewe, na mpokeaji asiyepewa ruhusa hataweza kulifungua. Nafasi ya bure ni GB 15. Ni nyingi mno ukilinganisha na GB 1 iliyotolewa huduma hii ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004, siku ambayo wengi walidhani tangazo hilo ni mzaha wa Sikukuu ya Wajinga. Ila nafasi hiyo inagawanywa na picha na mafaili mengine ya akaunti hiyo hiyo, na ikijaa, barua mpya haziingii.

Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake, nami hukichagua bila kusita. Kero ni moja tu: jirani anayeombwa msaada mara nyingi hutumia Kiingereza, basi wawili hao hubaki wakitafuta kitufe kilekile kwa majina mawili. Kwa hiyo mimi humfundisha mwanafunzi kukariri alama pamoja na maneno: kalamu ya kuandika, pini ya kiambatisho, pipa la kufuta, na mshale wa kujibu.