Mhimili uliogeuzwa: uzoefu wangu na Matplotlib

Nachora grafu za joto la maji ya bahari kulingana na kina, na katika kazi hii sifuri hukaa juu, kwa sababu uso wa maji uko juu. Wanaochora nyota nao wana yao: nyota ikizidi kung'aa, namba yake ya mwangaza inapungua, hadi Sirius yenye -1.46. Kwa hiyo kugeuza mhimili wima si urembo.

Programu niliyoitumia awali iliuchukulia kama urembo. Ukiweka tiki kwenye kisanduku cha kugeuza, mhimili mlalo ulipanda juu pamoja na maandishi yake, na ukikuza sehemu ya grafu kwa kipanya, kila kitu kilirudi kama mwanzo. Nikahama.

Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu kwa lugha ya Python, husoma mwelekeo kwenye mipaka yenyewe. Ukiandika set_ylim(100, 0), amri inayoweka mipaka ya mhimili wima, mia inakaa chini na sifuri juu. Tatizo ni kwamba mipaka ukishaiweka hivyo, haijirekebishi tena yenyewe. Ukiongeza kipimo cha mita 140, hakionekani. Ukitumia amri ya kugeuza, invert_yaxis(), mipaka inaendelea kutanuka na sifuri inabaki juu. Hapo ndipo iliponipendeza: mtu aliyeiunda alijua kwamba mwelekeo na ukubwa ni mambo mawili.

Ila jina la invert_yaxis() linasema kile inachofanya, yaani kugeuza, bila kujali mhimili uko upande gani. Ukiiita mara mbili, umerudi ulipoanzia. Chora grafu mbili zinazotumia mhimili mmoja, iite kwa kila grafu, na hutaona mabadiliko yoyote (utadhani kompyuta inakutania). Kwa imshow, amri ya kuonyesha picha, kuna mtego kama huo: picha huanza na mhimili wima uliokwisha kugeuzwa, hivyo ukiugeuza wewe, picha inasimama kichwa chini.

Dawa ipo, ingawa imejificha kidogo: ax.yaxis.set_inverted(True). Unataja hali unayoitaka, na hata ukirudia haiharibu kitu. Mwenzake ni set_ybound, inayobadilisha mipaka bila kugusa mwelekeo. Unaipa 0 na 140 kwa mpangilio wowote, nayo inaheshimu kwamba mhimili umegeuzwa. set_ylim(0, 140) ingeurudisha kwenye mwelekeo wa kawaida kimyakimya.

Ningekuwa na sauti kwa waundaji, ningeomba hizo mbili ndizo zitangulie kwenye mifano ya wanaoanza. Mimi set_ylim nimeiachia grafu zisizogeuzwa.