Darubini ya macho mawili ya 8x42: nimetembea nayo majira yote ya machipuko, haya ndo maoni yangu

Mi nilianza na ya 10x42 nikidhani namba kubwa ndo mpango mzima, kumbe najidanganya. Inakuza ndege mara kumi, sawa, ila na mkono ukitikisika inakuza mara kumi vilevile, kigogota katulia kwenye shina anagonga zake we kwenye lenzi unamuona anacheza dansi. Nikaiuza nikachukua hii ya 8x42. Sijajuta.

Kwa ambao hizo namba zinawachanganya, 8 ni ukuzaji na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 unapata 5.25, huo ndo upana wa duara ya mwanga inayofika jichoni, kwa milimita, ya 10x42 inakupa 4.2 tu. Mchana kweupe hutaona tofauti yoyote, lakini machipuko ndege wanaimba hasa alfajiri, jua halijapanda, na hapo mwenye 5.25 anaona rangi ya kifua wakati mwenzake bado anabishana na kivuli. Eneo unaloliona nalo kwa kawaida ni pana zaidi, jambo kubwa ukijaribu kumfuata mbayuwayu maana yule hatulii hata sekunde. Na muwahi jamani, miti ikishajaa majani hakuna darubini itakayokusaidia, utabaki kusikiliza tu.

Sasa kilichoniuzia hii kitu ni kufokasi karibu, yaani kukuonyesha safi hata kitu kilicho jirani. Inashika mpaka kama mita 2! Watu wananunua wakifikiria ndege wa mbali tu wakati nusu ya raha ya machipuko iko chini miguuni, vipepeo, nyuki mwenye chavua miguuni kama kabeba mizigo, viluwiluwi kwenye dimbwi. Kipepeo kivuli chako kikimgusa tu keshaenda, lakini ukisimama mita 2 unamuona mpaka ule mrija anaonyonyea ukikunjuka. Kabla hujalipa muulize muuzaji inafokasi kuanzia umbali gani, kuna nyingine zinaanzia mita 4 au 5 huko, hizo kwa maua na wadudu sahau.

Halafu kuna kamchezo ambako hakamo kwenye kitabu cha maelekezo. Igeuze, chungulia kupitia lenzi kubwa, upande wa macho usogeze karibu na ua kabisa, sentimita chache tu, inakuwa kioo cha kukuzia. Nilifanya hivyo kwenye kaua kadogo ka mwituni ka jamii ya alizeti nikapiga magoti pale karibu nusu saa, ile njano ya katikati siyo kitu kimoja, ni vijiua vingi vidogo vimebanana na vinafunguka kuanzia nje kuelekea ndani, kila kimoja na chavua yake. Na ua unaliacha linaendelea na maisha yake, hakuna haja ya kulichuma.

Kasoro zipo. Gurudumu la kufokasi asubuhi ya baridi linakuwa gumu utadhani limegandishwa na gundi. Vifuniko vya lenzi vilipotea wiki ya kwanza, vyote viwili. Ndani haipati ukungu kwa sababu imejazwa naitrojeni, ila lenzi za nje ukipumua vibaya ukungu huo, tembea na kitambaa laini. Mfuko wake mzuri lakini mi naacha nyumbani, ukimaliza kufungua zipu ndege kashahama.

Na nyie mnaolalamika picha haieleweki, mmeset jicho la kulia? Funika lenzi ya kulia, fokasi kwa jicho la kushoto na gurudumu la kati, kisha funika ya kushoto uzungushe kile kipete cha upande wa kulia mpaka pawe safi, unafanya mara moja basi. Wenye miwani kama mimi shusheni vile vikombe vya macho, la sivyo mtaona katundu tu.

Naipa nyota nne. Ya tano imekatwa na mkanda, saa mbili shingoni unahisi umebeba tofali, nimeshaununulia mbadala.